Mbona ndani hamna mtu?

Mpwa wangu aliibandika pua yake kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu.

Ilikuwa Jumapili jioni, umeme umekatika, nyumba nzima tumehamia barazani kutafuta upepo. Mkononi nilikuwa na ndege ya karatasi iliyonila wiki saba: Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, mabawa yake sentimita 34 toka ncha hadi ncha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya nilikuwa nimeitia kioo cha kweli juu ya kiti cha rubani. Siyo rangi. Kioo chenyewe, kinachopitisha mwanga, ukichungulia huku unaona kule. Nilikuwa nasubiri mtoto aseme "duh!"

Hakusema. Alitoa pua, akafuta ukungu kwa ncha ya shati, akachungulia tena.

"Mjomba, mbona ndani hamna mtu?"

Nikamwambia rubani ameenda kunywa chai. Ana miaka minane, jibu likamtosha, akaenda zake kufukuza kuku wa jirani.

Mimi halikunitosha. Nimekaa nalo wiki tano.

## Buluu

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua ninavyofanya kazi, sitarudia habari za manila na wembe. Niseme tu kwamba kwa miaka kumi na moja kioo cha rubani nimekitengeneza namna ileile: karatasi, rangi ya buluu, na mstari mweupe wa mshazari kuigiza mng'ao. Basi. Ndege kumi na tisa zinaning'inia chumbani kwangu kwa uzi wa kushonea, zote zina kioo cha buluu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anaziendesha.

Buluu haiulizwi.

Ni kama basi lenye vioo vya giza likipita barabara kuu kwenda Dar. Unajua ndani wamo watu, tena wengine wamelala midomo wazi, lakini hujisumbui kuwawaza.

Sasa kwa nini niliacha buluu? Kiburi, sina neno jingine. Wapoland ni mabingwa wa ndege za karatasi, na kipimo chao cha 1:33, yaani sentimita moja ya karatasi kwa sentimita 33 za ndege ya kweli, ndicho ninachokifuata. Nilikuwa nimeangalia picha za kazi zao usiku kucha. Vioo vyao vinang'aa kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Nikarudi kutazama za kwangu, nikaziona kama zimezibwa macho kwa plasta.

## Mkono wa mama

Kioo cha kwanza nilikitoa kwenye eksirei.

Eksirei za zamani, zile zilizokuwa zikioshwa kwa dawa, chini ya ule weusi zina plastiki safi ya polyesta, ngumu, isiyovunjika ukiikunja, yenye ubuluu kwa mbali sana. Unaiweka kwenye beseni la maji yaliyotiwa jiki, nje penye hewa, mikono umeivisha glavu, unasubiri. Weusi unaanza kulegea, kisha unateleza wenyewe kama ukoko wa wali uliolowekwa. Unasuuza, unafuta, unabaki na karatasi ya kioo.

Nyumbani tulikuwa na eksirei moja tu, imekaa juu ya kabati miaka na miaka. Ya mama, mwaka alioanguka bafuni akavunjika mkono karibu na kiganja.

Akatoka uani kuanika kanga akanikuta nimeinamia beseni. Vidole vitatu vilikuwa vimeshaondoka. Mifupa miwili ya mkono ilikuwa bado inaonekana, na ule ufa.

"Huo si mkono wangu?"

"Ndiyo, mama. Ulishapona lakini."

Akasimama anaangalia weusi unavyoogelea. Nilidhani atakuja juu. "Haya," akasema. "Uliuma kweli lakini, huo."

Akaanika kanga zake akaingia ndani.

Plastiki ya namna hii ina tabia moja inayotakiwa ifahamike kabla hujaharibu siku yako. Inakubali kupinda upande mmoja tu, kama bati la bomba la mvua. Kuipinda pande mbili kwa pamoja, iwe na tumbo kama kiganja kilichokunjwa, haikubali. Jaribu kulifunika embe kwa gazeti bila kuacha mkunjo hata mmoja, utanielewa. Na ukiipasha moto haisaidii sana, kwa sababu kiwandani ilivutwa, ikatulizwa kwa joto hukohuko, haitaki umbo jingine.

Kwa kioo cha mbele cha Spitfire hilo si tatizo, maana kinaundwa na vipande karibu bapa. Kazi ipo kwenye kile kifuniko cha katikati kinachotelezeshwa nyuma rubani apate kuingia. Nikapiga chenga. Nikachagua ndege za mwanzo kabisa, ambazo kifuniko chake kilikuwa kimenyooka juu, hakijavimba, nikakikunja kwa mpindo mmoja na mambo yakaisha.

Karibu yaishe. Nilikibandika kwa supagluu, nikaifunika ndege kwa bakuli ili vumbi lisiingie. Asubuhi kioo kilikuwa cheupe kama kimenyunyiziwa unga wa muhogo. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hutua palepale kwenye kioo ukaganda. Mimi nikauwekea na bakuli kabisa! Mkono wa mama ulikuwa mkubwa, nashukuru, kikapatikana kipande cha pili. Hicho nilikibandika kwa gundi nyeupe ya maseremala, ile inayopakwa kama maziwa na ikikauka haionekani.

Hicho ndicho mpwa wangu alichokiwekea pua.

## Nilivyojaribu kulikwepa swali

Wiki ya kwanza nilijiambia swali la mtoto halina maana. Ni ndege ya karatasi, haiendi popote.

Wiki ya pili nilinunua rangi nyeusi. Nia yangu ilikuwa kupitisha brashi nyembamba kwenye upenyo wa chini, nipake weusi ndani kote, kioo kibaki kinang'aa ila ndani pawe kiza. Watu wengi hufanya hivyo na hakuna ubaya. Nilichovya brashi. Halafu nikakumbuka nimefuta mkono wa mtu ili nipate kitu cha kuonea, na sasa nataka kukizima tena. Nikaosha brashi.

Katika siku hizo kulikuwa na jambo dogo linanitokea. Sisi tunaoishi Ngamiani, hapa Tanga, tumezoea vile vindege vidogo vinavyopita juu kuelekea uwanjani; vinashuka, vinashusha watu wachache, vinapakia wengine, vinaondoka, ule msemo wa "waja leo waondoka leo" unavifaa kuliko hata wageni tuliowatungia. Miaka yote nikisikia mlio natoka nje kuangalia mabawa: yapo juu au chini, yana mihimili au hayana. Sasa nikajikuta naangalia dirisha la mbele. Natafuta kichwa. Kutoka chini huwezi kuona chochote zaidi ya mwako wa jua, lakini natafuta.

Nimetengeneza ndege ishirini na sijawahi kupanda hata moja. Hili sikuwahi kuliandika hapa.

Ukinipa picha ya ubavu wa ndege nitakuhesabia misumari yake. Ukiniuliza rubani anaweka wapi mguu wa kushoto, sina jibu. Hapo ndipo palipokuwa panawasha, na nadhani buluu ilikuwa inanisitiri kwa hilo.

## Mbaazi

Nikakifungua kioo kwa wembe, taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda.

Ndani nilikuta pango jeupe la manila, na maandishi yangu ya penseli: "gundi hapa".

Kiti kilinichukua jioni mbili. Ubao wa saa na mishale, jioni nne, maana kila duara lina upana wa milimita mbili tatu na mkono wangu siku hizi si ule wa zamani. Usukani ulinifurahisha: Spitfire haina gurudumu, ina fimbo, na juu ya fimbo kuna pete ya kushika. Nilisokota uzi wa shaba nilioutoa kwenye waya wa redio mbovu.

Kisha mtu mwenyewe. Mwanamume wa sentimita 170 ukimgawa kwa 33 anapata sentimita tano na kitu. Akikaa, toka makalio hadi utosini, kama sentimita mbili na nusu na ushei. Kiwiliwili ni karatasi iliyosokotwa, mikono vilevile. Kichwa nilikichonga kwa tabaka za karatasi zilizolowana gundi, nikapiga msasa, nikapima: milimita saba. Nikakitazama hivi, nikaenda jikoni.

Punje ya mbaazi kavu ina milimita saba.

Nimekula mbaazi na mahamri asubuhi za maisha yangu yote na sikujua kwamba nilikuwa natafuna vichwa vya marubani. Nikachagua yenye sura nzuri, nikaipaka kahawia iwe kofia ya ngozi, nikaacha uso, nikatia miwani. Akapendeza. Nikamkalisha kitini, nikashusha kioo.

Hakikufunga.

## Milimita mbili

Utosi wa mbaazi ulikuwa unakisukuma kioo juu, kimebaki wazi kwa milimita mbili.

Nikaangalia hesabu zangu. Sakafu ya kiti nilikuwa nimeipa tabaka mbili za manila badala ya moja, hapo kosa ni langu. Nikaondoa moja. Bado. Nikamwinamisha kidogo, akawa kama abiria wa daladala aliyesimama, kichwa kimebana darini. Nikashika msasa nipunguze mbaazi.

Kabla sijapunguza nikaenda kusoma, nikitarajia kuthibitishiwa kwamba nimemkosea kipimo.

Sikuwa nimemkosea sana. Zile Spitfire za mwanzo, zenye kifuniko kilichonyooka juu, ambazo nilizichagua kwa uvivu wa kukunja plastiki, ziliwabana marubani warefu vilevile. Wakawa wanagonga vichwa. Waingereza wakabadilisha kifuniko, wakaweka kilichovimba. Baadaye Vita Kuu ya Pili ilipokolea kampuni moja iitwayo Malcolm ikatengeneza kilichovimba zaidi, rubani aweze hata kugeuza shingo aangalie nani anakuja nyuma yake, na Wamarekani wakakichukua wakakitia kwenye ndege zao za kivita za Mustang. Plastiki yao ilikuwa akriliki, iliyokuwa imeanza kuuzwa 1933 tu. Waliipasha joto, ikalainika, ikapulizwa hewa ikavimba kama kibofu.

Miaka kumi na moja nilidhani uvimbe ule ni wa upepo, au ni mapenzi ya wachoraji. Ni kichwa. Kioo kilivimba kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu na mtu yule alikuwa na utosi.

Nikaiweka msasa chini. Mbaazi sikuigusa.

## Chupa kumi na nne

Kuvimbisha sasa.

Eksirei haifai, nimeshasema. Kinachofaa kinaokotwa bure ufukweni Raskazone kila Jumatatu asubuhi: chupa ya plastiki. Chupa hizi kiwandani huanza zikiwa kijibomba kinene kifupi, kinapashwa moto, kinavutwa, kinapulizwa ndani ya kalibu mpaka kinakuwa chupa. Plastiki yake hailisahau lile bomba. Ukiirudishia joto, kuanzia nyuzi 80 hivi, inajikunyata kurudi udogoni. Kwa hiyo unachonga kalibu yako ya mti yenye umbo la kioo unachokitaka, unaitumbukiza ndani ya kipande cha chupa, unakaza kwa kabari, unapasha moto, na chupa yenyewe inaikumbatia kalibu.

Kwa maneno ni rahisi hivyo.

Kalibu niliichonga kwa kipande cha mninga nilichopewa na seremala wa jirani. Kosa la kwanza. Mninga ni mti mzuri lakini una vishimo na mistari, na plastiki ikilainika inanakili kila kitu. Chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu zilitoka na mistari ya mninga safi kabisa, ungeweza kuhesabu miaka ya mti. Nikaipaka kalibu gundi nyeupe tabaka tano, kila tabaka ikikauka napiga msasa laini, mwisho dawa ya meno na kitambaa, mpaka ikateleza kama jino.

Chupa ya nne hadi ya nane ziliharibikia jikoni. Nilikuwa natumia jiko la mkaa, sina ile mashine ya hewa moto. Mkaa unataka uwe umekolea, umeanza kuvaa jivu, hauna moshi wala mwali. Kipande unakiweka juu yake kiasi cha shibiri, na unakizungusha bila kusimama, kama unachoma mahindi na hutaki yaungue. Ukiinua mno hakuna kitu kinachotokea. Ukishusha mno, au ukikaa sana, plastiki inageuka nyeupe, nyeupe ya tui, na hairudi tena kuwa kioo.

Ya tisa mpwa wangu aliikalia. Ya kumi, kumi na moja na kumi na mbili zilikuwa na mbavu, hizi chupa za maji za siku hizi wamezijaza mbavu kila mahali, sijui kwa faida ya nani. Ikabidi kutafuta za soda, zile nyofu, na mpwa wangu akapewa kazi ya kuokota kwa malipo ya shilingi mia moja moja. Ya kumi na tatu ilitoka nzuri, nikaikata vibaya.

Ya kumi na nne.

Ilikuwa alfajiri, mama yuko upande wa pili anachoma mkate wa kumimina, tunagawana mkaa. Plastiki ilianza kwa kujikunja pembeni, halafu ghafla, kwa sekunde kama tatu, mikunjo yote ikapotea, ikakaza, ikang'aa, ukaona mti ndani yake kana kwamba umelowana maji. Nikaitoa. Sikupumua. Nikaiacha ipoe yenyewe, nikakata kwa wembe mpya, nikachomoa: kioo cha sentimita tatu, chepesi kuliko ganda la karanga, chenye tumbo pande zote.

Nikamfunika rubani. Kikafunga. Kati ya mbaazi na kioo ungeweza kupitisha wembe.

## Jicho

Kuna jambo moja nililisoma usiku ule wa milimita mbili, na sikumwambia mtu mpaka nilipomaliza.

Agosti 1940 rubani mmoja wa Uingereza, Gordon Cleaver, alipigwa risasi akiwa angani. Ndege yake ilikuwa Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, siyo Spitfire, ila kioo ni kilekile cha akriliki. Kikapasuka, vipande vikamwingia machoni. Daktari wa macho Harold Ridley akagundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: vile vipande vilikaa ndani ya jicho na jicho halikuvikataa. Akafikiri. Tarehe 29 Novemba 1949, kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London, akamtia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi iliyotengenezwa kwa akriliki. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo upasuaji wa mtoto wa jicho bila kutiwa lenzi ndiyo ajabu.

Mama alifanyiwa mwaka jana, jicho la kulia. Wiki iliyofuata alitembea nyumba nzima akituonyesha uchafu.

Basi nilimsimulia tukiwa tunakula ule mkate. Rubani, kioo, vipande, daktari, lenzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kope ya jicho la kulia kwa kidole.

"Kwa hiyo nina ndege humu."

"Kioo chake, mama. Kwa namna ya kusema."

"Na ule mkono wangu uliutia wapi?"

Nikamwambia ule ulitolewa, haukuweza kuvimba, ila kipande cha mbele bado ni chake. Akanyoosha mkono, nikampa ndege. Nilimwambia kioo cha katikati sijakibandika, ashike kwa chini. Akaisogeza mlangoni penye jua, akafumba jicho la kushoto, akachungulia kwa lile la ndege. Akageuza. Akachungulia kwa juu, kisha kwa ubavuni. Mpwa wangu amemning'inia begani anataka zamu yake.

"Mzuri," akasema. "Ana miwani."

"Ndiyo."

"Mbona hana miguu?"

Sikuwa nimemtia miguu. Ubao wa saa unaziba, nilipiga hesabu kwamba hakuna pembe ambayo mtu anaweza kuona chini yake. Nikachukua ndege nikachungulia alipochungulia yeye, kupitia kile kipande cha mbele, jua likiwa nyuma yangu. Kiwiliwili kinaishia kitini kama mshumaa.

Kioo kiko ndani ya kiberiti, juu ya kabati ilipokuwa eksirei. Gundi sijapaka. Nimesoma sasa mahali mguu wa kushoto unapokaa: kuna pedali ya usukani wa mkia, kila mguu na yake. Nimeanza na viatu.